Mkono Unaohisi Ndio Uongoze

Ndugu msomaji, wewe uliye mshiriki wa kanisa, na wewe uliyelala kitandani ukingojea kupona, nataka kusema nawe juu ya jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Si jambo la dawa, wala si jambo la chakula cha mgonjwa. Ni jambo la vyombo vya hospitali, na la mikono inayovishika.

Mgonjwa huuliza, «Dawa hii ni nzuri?» Tena huuliza, «Munganga huyu ni hodari?» Hayo ni maswali mema. Lakini ni wachache wanaouliza, «Je, chombo hiki kinamfaa yeye anayekitumia?» Swali hilo nalo ni kubwa. Chombo kisichofaa mkono humchosha hata mtu hodari, na uchovu wa munganga humwangukia mgonjwa.

Unakumbuka habari ya Daudi alipokwenda kupigana na Goliathi. Mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na mavazi ya vita. Zilikuwa silaha nzuri na za bei kubwa. Lakini Daudi hakuweza kutembea nazo, akazivua, akachukua teo yake ambayo mkono wake uliijua. Mungu alimpa ushindi kwa chombo kinachofaa mkono wake. Hilo ndilo neno langu leo, nami nitalieleza kwa habari ya chombo kimoja tu.

CHOMBO CHENYEWE

Wengi wenu mnaijua sonda ya mkojo. Ni mpira mwembamba wenye tundu katikati, nasi huuingiza ili kumsaidia mtu ambaye mkojo wake umezibwa. Mpira wa namna hiyo huitwa pia katheta. Ziko katheta nyingine, nyembamba zaidi na ndefu zaidi, ambazo huingizwa ndani ya mwili kwa njia ya chombo kiitwacho endoskopu.

Endoskopu ni mpira mrefu unaopindika, wenye taa na jicho mwishoni. Munganga huupitisha kinywani mwa mgonjwa, kooni, mpaka tumboni na mwanzo wa matumbo. Hivyo huona vidonda, damu na uvimbe bila kupasua. Ncha yake hupinda kwa sababu ndani yake mna nyaya nyembamba zinazovutwa kwa magurudumu mawili madogo, kama breki ya baiskeli inavyovutwa kwa waya toka kwenye usukani. Gurudumu moja hupeleka ncha juu na chini, la pili huipeleka kushoto na kuume.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1957 munganga Basil Hirschowitz, aliyezaliwa Afrika ya Kusini na kufanya kazi Marekani, alitumia chombo cha nyuzi za kioo zinazopindika, naye alikijaribu kwanza kwa kukimeza yeye mwenyewe. Mwaka 1968 William McCune na wenzake, huko Marekani, walitoa habari ya kuingiza katheta katika mlango wa mfereji wa nyongo kwa njia ya chombo cha namna hiyo. Mwaka 1974 waganga wa Ujerumani na wa Ujapani walitoa habari ya kuukata mlango huo kidogo ili mawe yatoke, bila kupasua tumbo.

Kwa nini wautafute mlango huo? Nyongo hutengenezwa na ini, nayo hushuka kwa mfereji mwembamba mpaka matumboni. Jiwe likiziba mfereji, nyongo hurudi nyuma na kuingia katika damu. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai, choo huwa cheupe, na ngozi huwasha. Homa na kutetemeka vikifuata, maisha ya mtu yako katika hatari. Mtu akizibuliwa mfereji wake mapema huweza kurudi shambani kwake. Akicheleweshwa huweza kufa.

KWA NINI KAZI NI NGUMU

Sasa fikiri juu ya mikono. Mkono wa kushoto wa munganga hushika kichwa cha endoskopu. Kidole gumba huzungusha magurudumu. Vidole viwili hubonyeza vifungo vya hewa, maji na kunyonya. Kidole gumba hicho hicho huinua na kushusha kidaraja kidogo kilicho mwishoni mwa chombo, ambacho huielekeza katheta juu au chini. Mkono wa kuume husukuma mpira wa chombo au katheta. Tena kuna waya mwembamba unaopita ndani ya katheta, ambao hutangulia kuingia mferejini ili kufungua njia. Kuna dawa ya kupiga picha inayosukumwa kwa bomba la sindano. Kuna kisu kidogo cha waya ambacho lazima kikazwe na kulegezwa.

Mikono miwili haitoshi. Kwa hiyo, tangu zamani, msaidizi husimama kando na kuushika waya. Munganga husema, «Sukuma. Polepole. Ngoja. Vuta kidogo.» Msaidizi hufanya kama alivyosikia.

Ndugu, umewahi kuingiza uzi katika tundu la sindano? Sasa mwambie mwenzako ashike sindano, nawe usukume uzi kwa maneno yake. Hata kama mnapendana, hata kama nyote wawili mna macho mema, mtakosa mara nyingi. Anayeona ugumu si yeye anayesukuma. Ndivyo ilivyo kazi hii. Waya ukigusa kitu kigumu, mkono wa msaidizi ndio unaohisi, lakini munganga ndiye anayeongoza kazi. Kabla neno halijatoka kinywani na kufika sikioni, waya umekwisha kupita mahali pasipofaa.

Na mahali pasipofaa pako karibu sana. Mfereji wa kongosho huishia penye mlango ule ule. Waya ukiingia huko mara kwa mara, au dawa ya picha ikisukumwa huko, kongosho huweza kuvimba kwa uchungu mkali. Katika wagonjwa 100 waliofanyiwa kazi hii, yapata 3 mpaka 10 hupata ugonjwa huo. Wengi wao hupona, lakini wengine huugua sana, na wengine hufa. Basi kila jaribio lililokosewa lina bei, na anayelipa bei hiyo ni mgonjwa.

Tena iko taabu ya kubadilisha katheta. Katheta ina urefu wa meta 2 hivi. Munganga akitaka kuitoa na kuingiza nyingine, waya lazima ubaki ndani ili njia isipotee. Kwa hiyo waya ulifanywa mrefu sana, yapata meta 4 na nusu, ili msaidizi apate pa kushika nyuma ya katheta muda wote. Munganga huvuta katheta sentimeta 10, msaidizi husukuma waya sentimeta 10, tena na tena. Wakikosana kidogo tu, waya hutoka na kazi yote huanza upya. Huku mgonjwa amelala na dawa ya usingizi, na saa inakwenda.

YALIYOFANYWA NA MAFUNDI

Mafundi waliona taabu hiyo, nao hawakunyamaza. Walitengeneza katheta ambayo waya hutoka ubavuni karibu na ncha, au ambayo ina ufa wa kuuachilia waya. Hivyo waya wa meta 2 na nusu au kupita kidogo watosha. Waliweka pia kifungo penye mlango wa endoskopu, cha kuubana waya usitoke. Sasa munganga aweza kuushika waya kwa vidole vyake mwenyewe, akahisi mwenyewe na kusimama mwenyewe.

Mwaka 2016 waganga wa Marekani walitoa habari ya uchunguzi wao. Waliwagawa wagonjwa katika mafungu mawili: katika fungu moja munganga mwenyewe alishika waya, na katika la pili msaidizi aliushika. Ugonjwa wa kongosho ulikuwa haba zaidi katika fungu la kwanza. Jambo hili halinishangazi.

Vivyo hivyo kwa chombo cha kuangalia ndani ya mfereji wa nyongo wenyewe. Zamani lilitumika jicho dogo lililopitishwa ndani ya endoskopu kubwa, na waganga wawili walihitajiwa, kila mmoja na chombo chake. Hospitali nyingi hazina hata mmoja anayejua kazi hiyo. Je, zipate wapi wawili? Tangu 2007 kilionekana chombo kinachofungwa penye endoskopu kubwa, ambacho mtu mmoja hukiongoza kwa magurudumu yake.

NENO LANGU

Basi, nasema wazi ninavyoamini, nanyi pimeni.

Kwanza, mkono unaohisi ndio uongoze. Chombo kinachoingia ndani ya mwili wa mtu kiwe mkononi mwa yule anayeona na anayehukumu. Kati ya jicho lake na ncha ya chombo kusiwe na mtu wa tatu wa kupokea maneno. Kidole kikisogea kidogo, ncha isogee kidogo. Kidole kikiachilia, ncha itulie mahali pake, isiruke. Na ncha ikigusa ugumu, kidole kijue.

Pili, urahisi si wingi wa vifungo. Ziko mashini ambazo zimejaa magurudumu mpaka kidole gumba kimoja kimepewa kazi ya vidole vinne. Huko si kumsaidia munganga, ni kumbebesha mzigo wa watu wawili. Waganga wengi wa kazi hii huumwa na kidole gumba, kifundo cha mkono, shingo na mgongo. Fundi mwema huondoa, haongezi tu. Aulize, «Ni kazi ipi ambayo mkono huu hauna haja ya kuifanya?»

Tatu, mikono si sawa. Wanawake wengi siku hizi ni waganga na wauguzi, na mikono yao kwa kawaida ni midogo kuliko ya wanaume. Vichwa vya endoskopu vimetengenezwa kwa muda mrefu kwa kipimo cha mkono mkubwa. Mwenye mkono mdogo hulazimika kunyosha kidole gumba mpaka mwisho ili kufikia gurudumu la mbali. Huyo ni Daudi katika silaha za Sauli. Hatumwambii Daudi akuze mwili wake. Tunampa chombo cha kipimo chake.

Nne, na hili ndilo kubwa moyoni mwangu: msaidizi asifukuzwe. Wako wanaosema, «Kama mtu mmoja aweza kufanya kazi yote, tumwondoe wa pili, tupunguze mshahara.» Nawajibu, hapana. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kusema, «Ninakosa pumzi.» Mtu lazima awepo wa kuangalia kifua chake kikipanda na kushuka, kushika mshipa wake, kusoma hesabu ya oksijeni, kunyonya mate kinywani mwake. Zamani msaidizi alikuwa na waya mkononi na macho yake juu ya waya. Tukimwondolea waya, macho yake yarudi kwa mgonjwa. Hiyo ndiyo faida ya kweli. Chombo cha mtu mmoja ni chema pale tu kinapompa mgonjwa mlinzi, si pale kinapomnyang'anya. Musa alipoinua mikono yake siku ya vita na Amaleki, hakuachwa peke yake mlimani. Haruni na Huri walikuwa kando yake.

Tano, chombo kilicho rahisi kushikwa kiwe rahisi kusafishwa pia. Hapa tuna onyo. Kile kidaraja kidogo nilichokitaja, cha kuielekeza katheta, ni msaada mkubwa kwa vidole. Lakini kina pembe na nyufa ambamo uchafu hujificha. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilizionya hospitali zake, kwa sababu wagonjwa waliambukizwa vijidudu vikali kwa njia ya vyombo hivyo, hata katika hospitali zilizofuata maagizo ya kusafisha. Mwaka 2019 ilishauri hospitali zihamie kwenye vyombo vyenye ncha ya kutupwa, au vya kutupwa kabisa. Basi, fundi asijisifu kwa urahisi wa mkono kama ameacha ugumu kwenye karai la kusafishia. Yule anayesugua chombo jioni ni mtumishi wa mgonjwa sawa na yule aliyekiongoza asubuhi.

«HAYO NI YA HOSPITALI TAJIRI»

Najua mmoja wenu atasema, «Mwuguzi, hayo yote ni ya miji mikubwa. Sisi tunataka kwanza chandarua, kwinini na maji safi.» Ndugu, umesema kweli juu ya chandarua na maji, wala sikupingi. Lakini usidhani kwamba kanuni hii haituhusu. Yatuhusu sisi kuliko wao, kwa sababu sisi tuna mikono michache.

Angalia kikombe cha kuvutia mtoto wakati wa kuzaa. Vyombo vya zamani vilihitaji mtu wa pili wa kupiga pampu huku mzalishaji akivuta. Usiku, katika kituo kidogo cha msituni, mtu wa pili yuko wapi? Sasa viko vikombe vyenye pampu ndogo ya mkono, ambayo mzalishaji huishika mwenyewe. Naye mwenzake akiwapo, mikono yake ni mitupu kumpokea mtoto na kumsaidia kupumua. Kanuni ni ile ile.

Tena angalia hospitali ya misheni ya Tenwek, huko Kenya, katika nchi ambayo saratani ya njia ya chakula inaonekana sana. Mamia ya wagonjwa wasioweza kumeza hata mate wamewekewa huko mrija wa chuma unaopanuka wenyewe, kwa njia ya endoskopu. Wengi wao hawakuweza kuponywa saratani, lakini waliweza kunywa uji na kula pamoja na watoto wao katika siku zilizobaki. Hospitali ya misheni yaweza kazi hii, ikiwa watu wamefundishwa na chombo kinawafaa.

KWA WAZEE WA KANISA

Ndugu zetu wa ng'ambo, kwa upendo, hutuma mashini kwa hospitali za kanisa. Tunashukuru. Lakini shukrani haikatazi kuuliza. Kabla hamjaandika barua ya kukubali, wazee wangu, ulizeni haya:

1. Ni watu wangapi wanaohitajiwa kukiongoza chombo hiki? Je, tunao kila siku, au siku moja tu wageni wanapokuja?
2. Mkono wa mtu wetu unakifaa? Yeye mwenyewe amekishika, au tunasoma karatasi tu?
3. Nani atamwangalia mgonjwa wakati huo, asiwe na kazi nyingine?
4. Tuna maji, dawa na muda wa kukisafisha kama ilivyoagizwa?
5. Kitu kilichoandikwa kuwa cha kutumiwa mara moja, tutakipata tena wapi kikiisha? Maana tukianza kukirudia kwa mgonjwa wa pili na wa tatu, zawadi imegeuka kuwa hatari.

Kama majibu ni mabaya, afadhali tuseme kwa unyenyekevu, «Asanteni, tutumieni kilicho kidogo zaidi.» Chombo kilichofungiwa stoo hakimtukuzi Mungu, wala hakimponyi mtu.

KWAKO MGONJWA

Na wewe uliye na uchungu chini ya mbavu za kuume, ambaye macho yako yamegeuka manjano, usikae nyumbani ukisema umerogwa. Usinywe miti shamba ukingoja mwezi uishe. Njoo mapema. Ukiwa na homa na kutetemeka pamoja na manjano, njoo leo, usingoje kesho.

Ikiwa utatumwa kwenye hospitali kubwa ufanyiwe kazi hii, usiogope, bali jitayarishe. Usile chakula kwa saa ulizoagizwa, hata kama jamaa wamekuhurumia na kukuletea uji. Mwambie munganga dawa zote unazokunywa, hasa zile za kufanya damu iwe nyepesi, na kama una mimba. Tena uliza bila aibu, «Nani atakayeniangalia ninapolala?» Swali hilo si utovu wa adabu. Munganga mwema atafurahi kulijibu. Na baada ya kazi, ukipata uchungu mkali wa tumbo unaopita mgongoni, au kutapika damu, au choo cheusi, au homa, rudi upesi.

Omba Mungu pia. Lakini usitenganishe maombi na mikono ya watu. Mungu wetu alimjaza Bezaleli roho yake ili awe fundi wa dhahabu, shaba, mawe na miti kwa kazi ya hema takatifu. Basi, kazi ya fundi si ndogo mbele zake. Yeye aketiye mezani akifikiri namna ya kufanya gurudumu dogo ligeuke vizuri chini ya kidole kilichochoka, anamtumikia mgonjwa asiyemjua, katika nchi asiyoiona. Tuwaombee mafundi hao, kama tunavyowaombea waganga. Na sisi tulio hapa, tuvishike vyombo tulivyo navyo kwa mikono safi, tuvisugue vizuri, na macho yetu yakae juu ya mgonjwa.